Jinsi ya kupata kikao cha kuacha pombe kinachokufaa ukiwa Tabora: anza na saa, mahali baadaye

Mwangaluka wadau. Mi niko Tabora mjini, mwaka wa nne huu unaenda sijagusa pombe, na haipiti wiki bila mtu kunivuta pembeni, kijiweni au sokoni, ananinong'oneza "bro, vile vikao vya kuacha pombe mnafanyiaga wapi?" Namwelekezaga. Wengi wanakuja mara moja hawarudi, na zamani nilikuwa nadhani hawako siriasi, kumbe tatizo ni swali lenyewe, tunaanza na wapi wakati inabidi tuanze na saa ngapi.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Watu wazuri, chai ipo, sina la kulaumu. Lakini mi enzi hizo nilikuwa karani kwenye ghala la tumbaku, natoka kazini saa kumi na moja jioni, na kutoka pale mpaka kwangu Isevya nilikuwa napita grosari nne na kilabu kimoja cha kangara ambacho ukikatiza tu unaitwa kwa jina. Kwaiyo Jumatatu mpaka Ijumaa nalewa, Jumamosi naamka na hangova naenda kikaoni kutoa ushuhuda kwamba naendelea vizuri. Wiki tano hivo. Wiki ya sita kuna mzee mmoja fundi cherehani, siku zote alikuwa ananiangalia tu, tukiwa tunakunja viti akaniuliza, "Kijana, wewe unakunywaga saa ngapi?" Nikamwambia jioni mzee wangu, nikitoka kazini. Akasema, "Sasa mbona ugonjwa wa jioni unautibu asubuhi?" Akabeba viti vyake akaondoka zake.

Ndo maana mwongozo huu nimeupanga hivi. Ila kuna kitu kinatangulia hata hiyo saa.

HATUA YA 1: Kama unazimua kila asubuhi, pita hospitali kwanza

Namaanisha wewe ambaye bila kuzimua mikono haiachi kutetemeka, hata kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili. Usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani eti umeamua kiume. Ubongo umeshazoea kupozwa na pombe kila siku, ukiiondoa kwa mara moja unachachamaa. Arosto ya pombe inaanza masaa kama 6 mpaka 24 baada ya glasi ya mwisho, kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, usingizi hakuna. Kuna wanaopata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kuna wachache, kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi, wanaweweseka kabisa, anaona wadudu ukutani, hajui yuko wapi, joto linapanda, na hiyo inaua. Huku kwetu ikifika hapo familia inasema karogwa, anapakiwa kwenye boda kwenda kwa mganga, muda unapotea.

Mjini hapa nenda Kitete, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kama uko Urambo, Nzega, Igunga au Sikonge anza na hospitali ya wilaya. Sema kiasi cha kweli unachokunywa. Ukimwambia daktari "kidogo tu mama", utatibiwa kidogo tu. Mara nyingi wanampa mtu diazepamu kwa dozi inayopungua siku hadi siku pamoja na vitamini B1, na hiyo diazepamu usijinunulie duka la dawa ukaichanganya na gongo, pombe na hivyo vidonge vikikutana vinaweza kukusimamisha pumzi.

Kama we unalewa wikiendi tu na Jumatatu uko kazini hutetemeki, ruka hapa twende.

HATUA YA 2: Andika saa yako ya kiu

Chukua daftari, au simu, wiki nzima uandike kila ukinywa au ukitamani kunywa: saa ngapi, uko wapi, uko na nani, hela ilitoka wapi. Usijihukumu, we andika tu kama karani. Mimi nilipoandika nikakuta kiu yangu haiko siku nzima kama nilivyokuwa nadhani, ilikuwa kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, masaa mawili tu, nikivuka hapo nimekula ugali kiu inakata yenyewe. Yaani maisha yangu yote yalikuwa yanaharibiwa na masaa mawili.

Kila mtu na yake. Dereva wa boda kiu yake saa sita usiku abiria wakiisha. Kuna dada mmoja kwetu kiu yake saa nne asubuhi, watoto wameenda shule, nyumba imenyamaza. Halafu kiu ina kalenda pia, siyo saa tu. Mkulima wa tumbaku anaweza kukaa miezi mizima soba na akaamini kapona, kumbe hana hela tu, siku malipo yakiingia anapotea na kurudi na shati la mtu mwingine. Na hii nisionekane naingilia imani ya mtu, lakini tunao wenzetu ambao Ramadhani nzima hawagusi, wengine Kwaresma nzima hawagusi, halafu wanasema mi siyo mlevi, naachaga nikitaka. Sawa ndugu yangu, ila vunja jungu ulirudi nyumbani kwa miguu yako au ulibebwa? Na Idi pili ulikuwa wapi? Na Pasaka je? Kama majibu hayasemeki mbele ya mama mkwe, basi saa zako wewe ni hizo siku, na ndizo unatakiwa uwe umeshapata watu wa kukaa nao.

Ukishajua saa, unatafuta kikao kinachoangukia ndani ya saa hiyo au nusu saa kabla yake. Kikiwa kizuri lakini kiko nje ya saa yako, kiwe cha nyongeza, usikitegemee.

HATUA YA 3: Jua unachokitafuta

Vikao vyenyewe haviko vya aina moja, na watu wanachanganya.

Vya AA (kirefu chake Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina), ndo hivi vya hatua 12 ambazo mtu anazipitia mojamoja ili akae bila pombe, asili yake ni Marekani. Naipenda sana hadithi ya mwanzo wake kwa sababu nayo ni hadithi ya saa. Mei 1935, jamaa mmoja wa mambo ya soko la hisa anaitwa Bill Wilson, ana miezi mitano tu hajanywa, kaenda mji wa Akron, Ohio, kibiashara na dili limebuma. Amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, upande huu anasikia kelele za baa, upande ule kuna simu. Saa yake imefika. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa anaulizia mlevi yeyote wa kuongea naye, siyo wa kumsaidia huyo mlevi, hapana, ajisaidie yeye asinywe. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji anaitwa Bob Smith, naye chapombe, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Wakaongea masaa. Bob alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935 na hiyo ndo wanaihesabu siku AA ilipozaliwa.

Kwenye AA sharti ni moja, uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, kofia inapita mwenye mia tano anaweka, asiye nayo anapitisha. Majina kamili hayatajwi. Kuna kikao cha wazi ambacho hata mke au jirani anaweza kukaa kusikiliza, na kuna cha wenyewe tu. Wanamtaja Mungu, "kadri tunavyomwelewa", kwaiyo kwetu Mwislamu na Mkristo na yule asiyesali kabisa wanakaa benchi moja na sijaona ugomvi.

Kuna vikundi vya maombi vya makanisani, vinawasaidia wengi, ila jua huko pombe inahesabiwa dhambi kwanza na ugonjwa baadaye, kama wewe aibu ndo inakupeleka kwenye chupa, pima. Kuna vikundi vinavyoendeshwa na wahudumu wa afya ya akili. Kuna soba hausi, hizo unahamia kabisa na unalipia, siyo kikao. Kuna SMART Recovery, hii haina mambo ya kiroho, wanafundisha mbinu za kukabili tamaa, kwa huku utaipata kwa simu tu. Na kama wewe siyo mnywaji ila mume au mama ndo anakunywa, chenu kinaitwa Al-Anon, kilianzishwa 1951 na mke wa huyohuyo Bill, Lois, pamoja na mwenzake.

Shemeji yangu ni tabibu, aliniuliza kwa dharau kidogo ushahidi uko wapi kwamba kukaa kwenye benchi kunatibu. Nikamtumia: mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona AA na matibabu yanayomwelekeza mtu AA yanafanya vizuri sawa na tiba nyingine za ushauri, na kwenye kukaa bila kunywa kabisa yanazipita. Akanyamaza. Saivi yeye ndo ananiletea watu.

HATUA YA 4: Wapi pa kuulizia

Hapa kwetu usitegemee kukuta bango barabarani. Anza na kliniki ya afya ya akili hospitalini, ukimkuta nesi wa siku nyingi anajua nani anakutana wapi. Halafu ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Halafu paroko, mchungaji, imamu, hata kama we siyo muumini wake, vikao vingi vinaazimaga vyumba vya ibada na mwenye funguo anajua. Lakini njia iliyonyooka kuliko zote ni yule mtu mtaani kwenu ambaye mlikuwa mnakunywa naye na siku hizi mnasema "kaokoka, hatumwoni". Mfuate. Hakuna mtu aliyeacha pombe atakayekuchukia kwa kumuuliza, ukweli anakuwa anakusubiri.

Ukiona aibu sema unamwulizia ndugu yako. Wote tunasemaga hivyo, na wote tunajua huyo ndugu ni nani.

HATUA YA 5: Piga simu uulize kabla ya kwenda

Vikao vinahamaga na vinakufaga. Nimeshawahi kukodi boda mpaka Ipuli jioni nikakuta chumba kimegeuzwa saluni, nikarudi kwa miguu, na njiani sikufika nyumbani kama nilivyotoka. Kwaiyo piga siku hiyohiyo. Uliza kama leo kipo, kinaanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi (kurudi usiku ni suala), ni cha wazi au cha wenyewe, huwa mko wangapi, wanawake wapo. Kama wewe ni mwanamke, hili la mwisho usione haya kulibana, mji huu mwanaume akilewa wanasema kachoka, mwanamke akilewa anaimbwa, na kukaa wewe peke yako na wanaume tisa siku ya kwanza ni mtihani. Uliza tena, nisipokuja wiki ijayo kuna mtu atanitafuta? Jibu la hilo swali linakwambia zaidi kuliko yote yaliyotangulia.

Kuhusu kuonekana: Tabora ni mji mdogo, dada wa mama yako mdogo atakuona tu ukiingia. Baadhi wanachagua kikao cha upande wa pili wa mji. Mi nasema fanya hivyo kama nauli inaruhusu kila wiki, la sivyo nenda cha karibu, maana walishakuona ukitoka kilabuni unatambaa.

HATUA YA 6: Kama saa yako haina kikao hapa, tumia simu

Hili limeniokoa siku ambazo mjini hakuna kitu. AA wana vikao vya mtandaoni kwa Zoom kila saa ya siku, ingia tovuti ya aa-intergroup.org utakuta orodha. Vingi ni Kiingereza. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, sikiliza tu, mlevi anaeleweka lugha zote. Ila ujue kusoma saa zao, hapa ndo watu wanapoteana. Kwanza 7 PM kwenye simu ni saa moja jioni yetu, mi mara ya kwanza nilikesha mpaka saa saba usiku nasubiri kikao kilichokwisha zamani nikaamka na macho mekundu kama nimekunywa.

Pili, masaa. Sisi tuko mbele ya London masaa matatu wakati wa baridi yao na mawili wakati wa kiangazi chao, kwaiyo kikao chao cha saa kumi na mbili jioni kwetu ni saa tatu usiku au saa mbili usiku kutegemea msimu. New York tunawapita masaa nane au saba, cha kwao cha saa moja asubuhi kwetu kinaangukia saa tisa au saa nane mchana, wenye kiu ya mchana hicho ni chenu. Saa zao wanazibadilisha Machi na tena mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, miezi hiyo hakiki upya. Vya Nairobi saa ni zetuzetu, hakuna hesabu.

Bando: zima kamera, sauti peke yake inakula kidogo sana. Na kabla hujaingia badilisha jina linaloonekana, usije ukatokea na majina matatu na cheo cha kazini. Makundi ya WhatsApp nayo yapo, ila kumbuka kule namba yako kila mtu anaiona, na picha yako ya profaili, na ile status ya harusi ya juzi uliyoshika glasi.

HATUA YA 7: Siku yenyewe

Kula kwanza. Njaa na kiu vinafanana sana, ukienda na tumbo tupu utaondoka katikati. Fika mapema dakika kumi, kaa karibu na mlango kama unaogopa.

Cha kwetu kinaendaga hivi. Chumba kina mabenchi manne na meza yenye mguu mfupi uliowekewa kigae. Mwenyekiti anafungua, hayuko juu ya mtu, ni zamu tu. Anasoma kidogo. Halafu mmojammoja anaongea, "naitwa fulani, mi ni mlevi", anasema yake dakika tatu nne, hakuna kumkatiza, hakuna kujibizana wala kumshauri. Hilo la kutoshauriwa lilinishangaza, Mswahili bila kushauri anawashwa mdomo. Ikifika zamu yako unaweza kusema "leo nasikiliza tu" na inapita kwa mwingine, hakuna anayekukazia macho. Kuna mama mmoja alikuja, anapika komoni, ndo inayosomesha watoto wake, mikono yake inanuka kimea tangu mlangoni. Wiki tatu alisema "nasikiliza tu". Ya nne akasema, "Mi naionja kabla sijawauzia. Nianzie hapo." Akakaa. Hatukusema kitu, mwenyekiti akasema asante, zamu ikaendelea. Siku hizi anaonjewa na dada yake.

Chai inakuja mwishoni, na hiyo chai usiikimbie. Kikao rasmi ni saa moja, lakini kwenye chai ndo unapata namba za simu, ndo mtu anakwambia njia anayopita kukwepa grosari. Mi pale ndo nilipompata mlezi wangu, wengine wanamwita sponsa, mtu aliyekutangulia kuacha ambaye unampigia kabla ya kunywa, siyo baada. Mwanaume achukue mwanaume, mwanamke mwanamke.

HATUA YA 8: Pima, lakini siyo kwa siku moja

Siku ya kwanza kila kikao kinaboa au kinatisha. Al-Anon wanashauri mtu ahudhurie angalau mara sita kabla hajaamua, na mi naona hata kwetu wanywaji hesabu hiyo inafaa. Ndani ya hizo sita jiangalie kitu kimoja tu: usiku wa siku ya kikao unalalaje? Ukiona ile saa yako inapita hujaisikia, kikao kinakufaa hata kama wenzako hawakuvutii.

Kuna mambo lakini ya kuondoka hapohapo bila kusubiri sita. Mtu anakuuzia dawa ya mitishamba ya kukata pombe. Kiingilio. Ya kikaoni unayasikia sokoni kesho yake. Wakongwe kutongoza wageni, hii ipo dunia nzima mpaka wenyewe AA wanaitania kuwa ni hatua ya 13, na dada aliye wiki ya kwanza soba hana nguvu ya kumkatalia mtu anayemwita mwokozi wake. Na mtu yeyote asiye daktari anayekuambia acha vidonge vyako ulivyoandikiwa hospitali.

Ukiteleza katikati, rudi kikao kinachofuata, hata kama harufu bado ipo. Siku hiyo omba tu kusikiliza.

HATUA YA 9: Hakipo kabisa? Anzeni

Kwa desturi ya AA walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kukaa bila pombe wanaweza kujiita kikundi. Hakuna kibali cha kuomba kwao wala mhuri. Mi na yule mzee wa cherehani tulianza hivyo, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na robo, chini ya mwembe nyuma ya duka lake, saa ileile ya kwangu. Miezi miwili tulikuwa wawili tu. Kuna siku yeye alikuwa na homa nikaenda nikakaa peke yangu kwenye benchi mpaka giza likaingia, nikafunga, nikaenda kumwambia kikao kilikuwepo. Akauliza, "Mlikuwa wangapi?" Nikasema mmoja. Akasema andika. Daftari bado ninalo, ukurasa ule una tarehe, chini yake pameandikwa mmoja, na juzi Alhamisi pameandikwa kumi na wanne, benchi la tatu tumeazima kwa jirani na analitaka kabla ya Jumapili.